Utunzaji wa Miguu ya Bandia

Wengi wetu hudhani ya kuwa mtu aliyekatwa mguu, akiisha kupewa mguu wa bandia, kazi imekwisha. Sivyo. Na tujifunze kwa habari ya mji wa Jaipur, katika nchi ya India.

Katika mji ule alikuwako daktari wa mifupa, jina lake P. K. Sethi. Wagonjwa walipewa miguu iliyofanywa kwa mfano wa Ulaya na Marekani. Wayo wake ulikuwa mgumu, tena ulitaka kuvikwa kiatu. Lakini watu wa huko huketi chini, huchuchumaa, hulima katika matope, na waingiapo nyumbani huvua viatu. Basi wengi waliuweka mguu ule pembeni, wakayarudia magongo yao. Kosa halikuwa lao. Mguu haukufanywa kwa ajili ya maisha yao.

Alikuwako pia fundi mchongaji, Ram Chandra Sharma, mtu asiyesoma sana shuleni. Hao wakashirikiana, daktari na fundi, na mwaka 1968 wakatoa wayo mpya wa mpira na mti, wenye rangi ya ngozi, nao hukunjika kama wayo wa mtu. Hauhitaji kiatu, wala hauogopi maji. Aliye nao aweza kuchuchumaa na kuingia shambani. Nao umefika nchi nyingi, hata Afghanistan, ambako mabomu yaliyofukiwa ardhini yamewakata watu wengi miguu.

Twajifunza mambo matatu.

1. Mgonjwa aulizwe kwanza: afanya kazi gani, huketije, hupita njia gani? Ndipo mguu ufanywe.

2. Kigutu chataka kutunzwa kila siku. Kila jioni kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe vema, kitazamwe pande zote. Kikionekana kidonda, mguu uvuliwe, na fundi aendewe upesi. Mwenye ugonjwa wa sukari na aangalie zaidi, maana huenda asisikie maumivu.

3. Miezi ya kwanza kigutu hupungua unene, na mtoto naye hukua. Kwa hiyo mguu uliomfaa mtu mwaka jana waweza kumwumiza mwaka huu. Kumrudia fundi si aibu.

Mafundi wa kazi hii hufundishwa hata Tanzania: chuo cha TATCOT kilianzishwa mwaka 1981 huko Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Basi, ndugu mwalimu, uzungukapo nyumba kwa nyumba, ukimkuta mtu ameketi na mguu wake wa bandia umewekwa darini, usimwite mvivu. Mwombe akuonyeshe mguu huo, kisha mwulize kwa upole, “Wakuumiza wapi?” Akiisha kukujibu, msaidie kupata nauli ya kumrudia fundi.