Tena, Bila Sukari

Wewe wa mtaa wa Tena, naijua asubuhi yako. Sufuria jikoni, maziwa na maji nusu kwa nusu, majani, sukari humo humo, chai inafura mpaka inamwagikia gesi. Halafu mbio hadi Manyanja Road kutafuta matatu. Sasa kuna mtu kazini amekwambia uanze chai ya kijani. Sawa, anza. Ila usianze kama mimi.

Mara ya kwanza niliitia kwenye sufuria ya maziwa nikaitokosa dakika kumi. Ikatoka na rangi ya maji yaliyochemshiwa sukuma, chungu kama mwarobaini. Nikaimwaga kwa sinki huku nikilaumu waliotengeneza. Kosa lilikuwa langu.

Chai hii haipikwi. Chemsha maji peke yake, zima gesi, funua kifuniko, ngoja dakika tatu hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu, na hayakawii kushuka hadi karibu 80, joto linaloyafaa majani haya. Mimina kikombeni, tumbukiza kifuko, hesabu dakika mbili, kitoe. Usikikamue kwa kijiko, utaukamulia uchungu ndani. Rangi unayotafuta ni manjano iliyopauka. Ukiona kahawia, umekawia.

Mfereji ukikauka na uliyo nayo ni maji ya kisima yenye chumvi, yaache ya kufulia. Chai hii haina maziwa ya kuficha ladha mbaya.

Haya, sukari. Hapa tukae kidogo, maana faida kubwa kwako nadhani iko hapa. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Ukitia vitatu kwa kikombe, ukanywa vikombe vitatu kwa siku, umemeza gramu 36 kabla ya kugusa soda wala mandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Badilisha vikombe viwili kati ya hivyo vitatu viwe vya kijani visivyo na sukari, umeshuka hadi 12. Ukitia vijiko vitatu kwenye chai ya kijani, umebadilisha rangi tu.

Ulimi ukikataa, usiulazimishe siku moja. Wiki ya kwanza tia kijiko kimoja, ya pili nusu, ya tatu acha. Kipande cha tangawizi au matone ya ndimu kutoka soko la Mutindwa vitakusaidia kuvuka. Asali nayo ni sukari, usijidanganye.

Majani yenyewe si ya ajabu. Ni mchai ule ule wa Limuru na Kericho, ila haya hupashwa joto mapema baada ya kuchumwa ili yasigeuke kahawia. Ndiyo maana hubaki na katekini nyingi, kemikali ambazo watafiti wanazihusisha na afya ya moyo. Huko Japani watu wazima 40,530 walifuatiliwa kwa miaka 11, matokeo yakatolewa 2006: wanywaji wa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wasiofikisha kimoja, hasa kwa maradhi ya moyo na kiharusi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa ni chai iliyowaokoa. Kolesteroli hushuka kidogo. Kitambi? Kidogo mno, usinunue nguo mpya bado.

Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, soma pakiti. Ukiona sena, hiyo ni dawa ya kuharisha. Vidonge vya chai ya kijani pia viache. Vyenye katekini nyingi vinaweza kuumiza ini. Kikombe kinatosha.

Usinywe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma ya sukuma, maharagwe na ndengu. Subiri saa moja baada ya kula. Kama una mimba na umepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, vimeze kwa maji.

Tumbo tupu pia hapana, hasa kama una vidonda. Utasikia kichefuchefu ukiwa bado kwa stage.

Acha ipoe kidogo. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimehusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana watu wa Bonde la Ufa upande wa magharibi. Kama huwezi kumeza funda zima bila kuvuta hewa, bado.

Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa tisa alasiri. Kafeini imo, pungufu kuliko ya kahawa, lakini inatosha kukukodolesha macho usiku.

Unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, au ya presha? Usiache dawa. Muulize daktari au mfamasia kwanza kuhusu chai hii.

Dukani, soma viungo: majani ya chai ya kijani, basi. Ukiona chai ya zambarau, jaribu; aina hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wetu wa Kericho, na huandaliwa hivi hivi.

Mgeni akija Jumapili, usimhubirie. Mpikie ya maziwa, ifure vizuri, umpe na mandazi. Wewe chemsha maji yako pembeni, na ukiulizwa kama unaumwa, sema hapana, umimine.