FUMBO NDANI YA KITO

Leo tuache ngeli kidogo, tutazame vidani na vipuli. Usicheke! Kule Ulaya katika karne ya 16, pambo halikuvaliwa kwa urembo tu bali lilisomwa. Sonara alitunga kwa dhahabu kama malenga atungavyo kwa maneno, kisha watu wakaachiwa wafumbue.

Mtazame Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Katika picha moja ya yapata mwaka 1575, amevaa kifuani kidani chenye umbo la mwari (ndege, si mwari wa unyagoni!). Watu wa zama hizo waliamini kwamba mwari hujidonoa kifua ili makinda wake wanywe damu yake. Kwa Wakristo, ndege huyo alikuwa ishara ya Yesu. Kwa malkia asiyekuwa na mtoto, alikuwa na maana nyingine pia: mimi ndimi mama yenu.

Lakini kito kilichonikaa akilini zaidi ni kile ambacho inasemekana malkia huyo alimpa nahodha Francis Drake, yapata 1588. Ni kidani cha dhahabu, yakuti, almasi na lulu. Ukikifungua, mna picha ndogo ya malkia iliyochorwa na Nicholas Hilliard, pamoja na feniksi, ndege wa hadithi anayeungua kisha akafufuka majivuni. Nje je? Hapo ndipo penye fumbo lenyewe. Fundi alichukua jiwe lenye tabaka jeupe na tabaka jeusi. Kwenye jeupe akachonga uso wa mwanamke wa kifalme. Kwenye jeusi, mbele ya mwanamke huyo, uso wa Mwafrika.

Mwafrika huyo ni nani? Wako wasemao ni mfalme, ishara ya enzi mpya ya neema. Wengine hukumbusha kwamba mwaka 1573, huko Panama, Waafrika waliotoroka utumwa walimsaidia Drake kupora mali ya Wahispania. Mimi naegemea hoja ya pili, ila hainiridhishi. Drake huyo huyo, miaka ya 1560, alisafiri na jamaa yake John Hawkins hadi Afrika Magharibi, wakateka watu na kwenda kuwauza. Na Hawkins alikuwa na nembo yake, aliyopewa 1565: Mwafrika aliyefungwa kamba.

Mwaka 1591 Drake alichorwa akiwa amevaa kidani chake. Ukiikuta picha hiyo kitabuni, tazama kwanza kidani, ndipo umtazame mwenyewe.