Msiba huanza watu wanapoondoka

Sifa zote njema ni za Allah (SW), aliyeumba mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, makala haya naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa madrasa huku Busi, Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Kwa kazi hiyo nimesimama kwenye misiba mingi. Jeneza linapotaka kuondoka nyumbani naambiwa, "Maalim, tuambie neno." Nami nilikuwa na mawaidha yangu ya subira, yale yale kila msiba, ambayo ningeweza kuyasema hata usingizini.

Alipofariki kaka yangu mkubwa, mkewe alilia. Hakupiga mayowe, hakujipiga mashavu wala hakuchana nguo. Alilia tu kwa sauti ya chini, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikamwendea na kumwambia mbele ya wanawake wenzake: "Shemeji, nyamaza. Machozi yako yanamwadhibu marehemu kaburini." Akanyamaza. Nikarudi kwenye jamvi la wanaume nikijiona nimeamrisha mema na kukataza mabaya.

Miaka miwili baadaye Allah alimchukua binti yangu wa miaka sita, kwa homa ya siku nne. Nilimpokea kaburini kwa mikono yangu mwenyewe. Watu walipokaa wakisubiri mawaidha, sauti haikutoka. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na usiku ule nikajiuliza: Je, imani yangu imekwenda wapi?

Machozi si upungufu wa imani

Swali hilo lilinirudisha kwenye vitabu, na safari hii nilisoma kama mgonjwa anayetafuta dawa. Nikakuta mambo ambayo nilikuwa nayapita haraka.

Nikamkuta Mtume (SAW) akiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, anayekata roho. Anas (RA) anasimulia, katika Sahihi Bukhari, kuwa macho ya Mtume yalibubujika machozi. Abdurrahman bin Auf (RA) akashangaa, akamuuliza kama hata yeye analia. Mtume akamjibu kuwa hiyo ni rehema, kisha akabainisha kuwa macho yanatoka machozi na moyo unahuzunika, lakini ulimi hausemi ila lile linalomridhisha Mola. Hivi kweli kuna mwenye imani kubwa kuliko yake? Kama yeye alilia, ni nani mimi niliyemnyamazisha mjane?

Nikamkuta Nabii Yaqub (AS) katika Surat Yusuf, aya ya 84 hadi 86. Macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe, na huzuni ile haikuwa ya wiki moja. Wanawe walipomlaumu kuwa atajimaliza, aliwajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Allah peke yake. Na bado tunamsoma kuwa ni kigezo cha subira njema.

Na ile hadithi niliyomtishia nayo shemeji yangu, kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake? Ipo, na imepokewa na Sayyidna Umar na mwanawe (RA). Lakini Bibi Aisha (RA) aliipinga namna ilivyofahamika, kwa hoja ya Qur'an kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Wanazuoni wengi wakazikusanya hoja hizi kwa kusema kuwa makusudio ni maombolezo ya kijahilia, na hasa kwa yule aliyeusia aombolezewe hivyo. Mimi nilichukua nusu ya elimu nikampigia nayo mtu aliyekuwa chini.

Kilichokatazwa kinajulikana: kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kumlalamikia Allah kwa kadari yake. Hayo tuyakemee. Lakini tusichanganye mayowe na machozi.

Subira ya pigo la kwanza

Kuna mwanamke ambaye Mtume (SAW) alimkuta akilia kaburini, akamnasihi amche Allah na asubiri. Yule mama, kwa kutomtambua, akamjibu kuwa yeye hajafikwa na msiba kama wake. Baadaye alipoambiwa aliyekuwa akizungumza naye ni nani, alikwenda kuomba radhi, akafundishwa kuwa subira ni ile ya pigo la kwanza.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, subira inahitajika saa ile ile habari inapofika, kwa sababu ndiyo saa ulimi unapoteleza. Ndiyo maana Suratul Baqarah, aya ya 155 hadi 157, inatufundisha kukimbilia kauli ya kwamba sisi ni wa Allah na kwake tutarejea. Pili, Mtume (SAW) hakumkaripia yule mama kwa jibu lake. Alimwacha, akaenda zake. Alijua kuwa mwenye uchungu husema lisilopimwa.

Bibi Ummu Salama (RA) naye anatufaa. Alipofiwa na mumewe Abu Salama alisema dua aliyofundishwa na Mtume, ya kuomba malipo ya msiba wake na badala iliyo bora. Huku akiisema alijiuliza ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Hakuona, lakini dua aliisema. Hiyo ndiyo subira: ulimi unatangulia, na moyo unafuata taratibu.

Pigo la kwanza lina hatari nyingine, na hapa nitasema wazi. Katika vijiji vyetu, mtu anapofariki ghafla, hasa mtoto, huzuni haikawii kugeuka tuhuma. Siku ya pili ya msiba wangu alinijia mtu chemba akaninong'oneza kuwa homa ile "si ya bure", na kwamba yuko mtaalamu wa kuangalia. Wallahi, kwa uchungu niliokuwa nao, masikio yangu yalitaka kusikiliza. Ndugu zangu, Suratut Taghabun aya ya 11 inatueleza kuwa hakuna msiba unaofika ila kwa idhini ya Allah. Na Mtume (SAW) ametutahadharisha kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza, haikubaliwi swala yake siku arobaini. Mpiga ramli haponyi huzuni. Anakupa jirani wa kumchukia, na wewe unabaki na misiba miwili.

Nani ampikie nani?

Jaafar bin Abi Talib (RA) aliuawa shahidi katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria. Habari zilipofika Madina, Mtume (SAW) aliwaagiza watu wawapikie watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hadithi hii imo katika Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Sasa tutazame jamvi letu. Maiti bado hajazikwa, wazee wanaitana pembeni kupanga ng'ombe gani achinjwe. Mjane hajamaliza kuvua viatu, anaulizwa ufunguo wa ghala uko wapi. Wageni wa mbali wana haki ya kula, hilo halina ubishi. Lakini huku kwetu mvua ni ya kubahatisha na gunia la uwele ndilo roho ya nyumba mpaka mavuno mengine. Siku tatu za kulisha kijiji kizima zinaweza kula chakula cha mayatima cha miezi sita. Na akiba hiyo, marehemu akishafariki, si yake tena. Ni mirathi, na ndani yake imo haki ya watoto wadogo. Suratun Nisaa aya ya 10 inasema nini juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma? Kwamba wanakula moto matumboni mwao.

Sitaki kuingia katika mjadala wa khitma na arobaini. Masheikh wetu wameshausema sana, kila upande na hoja zake. Nauliza moja tu: kile kinacholiwa kinatoka ghala la nani?

Baada ya turubai kukunjwa

Msiba wenyewe, ndugu msomaji, huanza watu wanapoondoka. Siku tatu za mwanzo nyumba imejaa. Huna nafasi ya kufikiri. Siku ya nne jamvi linakunjwa, daftari la rambirambi linafungwa, na ndipo unapoona kiatu kidogo nyuma ya mlango.

Katika siku zile alikuwapo mzee mmoja, jirani yangu, ambaye hajasoma zaidi ya juzuu amma. Yeye hakuja siku ya mazishi na maneno. Alikuja jioni ya siku ya tano, mkewe kabeba ugali wa uwele na mlenda. Akakaa. Akala pamoja nami. Hakuniambia nisilie, hakuniambia Allah atanipa mwingine. Kabla ya kuondoka aliniuliza: "Maalim, mtoto alikuwa anapenda nini?" Nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kuniacha nimtaje mwanangu. Alikuja hivyo karibu kila jioni mpaka mwezi ukaandama. Mimi mwenye vitabu nilifundishwa taazia na mzee huyo.

Niliporudi kwenye sira nikakuta kuwa alichokifanya kina asili. Bibi Khadija (RA) alifariki miaka mitatu hivi kabla ya Hijra, katika mwaka ambao wanahistoria wameuita Mwaka wa Huzuni. Miaka mingi baadaye, akiwa Madina, Mtume (SAW) alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama marafiki wa Khadija, na alimtaja mara kwa mara mpaka Bibi Aisha akaona wivu. Kwa hiyo kumsahau maiti si sharti la subira. Mapenzi yanageuzwa kuwa wema: sadaka kwa niaba yake, kulipa deni lake, kumwombea dua, kuunga udugu na rafiki zake. Saad bin Ubada (RA) alifiwa na mama yake, akatoa shamba lake la miti kuwa sadaka kwa ajili yake. Mikono ya mfiwa ikipata la kufanya, moyo nao hupumua.

Wapo wafiwa ambao hata kaburi hawana. Wenye umri wangu katika mkoa huu hatujasahau Jumatatu ya tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mlimani kati ya Igandu na Msagali na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Miili ilipangwa uwanjani mjini Dodoma ili ndugu waitambue, na ile ambayo haikutambuliwa ikazikwa huko huko. Mfiwa wa namna hii huchelewa kuamini, kila mlango ukibishwa hudhani ni yeye. Tusimharakishe. Tumkumbushe kuwa dua haihitaji kujua kaburi liko wapi.

Mjane na watoto

Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Suratul Baqarah aya ya 234. Sisi tunaihesabu kama kifungo. Mimi naiona pia kuwa ni ushahidi kwamba sheria yenyewe imempa muda wa huzuni yake, na sisi hatuna haki ya kuufupisha. Kumgawia mbuzi wa mumewe kabla deni na wasia havijatolewa, au kumwuliza atarudi lini kwao, ni ukatili. Haki yake iko wazi katika Suratun Nisaa aya ya 12: thumni kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha.

Watoto nao tunawafukuza wakacheze, tukidhani hawaelewi. Alipouawa Jaafar, Mtume (SAW) aliwaita watoto wake, akawakumbatia huku macho yake yakitoka machozi. Mama yao alipotaja hofu ya uyatima wao, alimtuliza kuwa yeye ndiye walii wao. Baada ya siku tatu akaamuru kinyozi aletwe awanyoe. Alilia nao, akawapa wa kuwategemea, kisha akawarudisha kwenye maisha. Kila baba mdogo, kila mjomba, ajipime hapo.

Na ikiwa mfiwa halali, hali chakula wiki kwa wiki, au anasema heri naye afe, hiyo si saa ya mawaidha peke yake. Asiachwe pekee, na apelekwe hospitali. Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu, na moyo nao ni kiungo.

Nilikwenda kwa shemeji

Baada ya eda yake kwisha zamani na msiba wangu kutulia kidogo, nilikwenda kwa shemeji yangu. Nikamwambia: "Shemeji, nilikukosea siku ile. Niwie radhi." Alinyamaza, kisha akasema: "Maalim, mimi sikuwa namlalamikia Mungu. Nilikuwa namlilia mume wangu." Akanisamehe, akaniletea uji. Watoto wa kaka wakatoka ndani, nami nikaona aibu, kwani sikuwa nimefika pale tangu mwezi uliotangulia.

Tangu hapo nimebadili mawaidha yangu. Nasema maneno machache siku ya mazishi, na daftarini mwangu naandika jina la mfiwa na tarehe. Ikifika siku ya tano, ya ishirini, ya mwezi wa tatu, nakwenda kukaa. Wewe msomaji unayo nyumba moja mtaani kwako ambayo turubai limekunjwa karibuni. Leo baada ya Alasiri, pitia hapo.

Wabillahi Tawfiq.