Dawa Moja kwa Tezi na kwa Nywele: Mafunzo Niliyopata Kamina

Wanaume wa umri wangu hapa Kamina tunaongea bila shida kuhusu malaria, presha na migongo iliyochakazwa na kazi ya reli. Habari za mkojo tunazificha. Mtu anaamka usiku kucha kwenda uani, asubuhi anasingizia maji aliyokunywa jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, nameza dawa za tezi dume kwa agizo la daktari, na nimeona kwamba dawa hizi zinataka kusemwa waziwazi: kwa mke, kwa maabara, kwa farmasi. Anayezimeza kwa siri anajiweka hatarini, na pengine anawahatarisha wengine.

1. Pima kwanza, umeze baadaye

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo, chini kidogo ya kibofu. Ikikua uzeeni, inaubana mrija. Kukua huku si kansa wala hakugeuki kansa, ila yote mawili yanaweza kukutana ndani ya mtu mmoja, na dalili zake zinafanana. Munganga aliyenipokea alianza na maswali: "Papa, usiku unaamukaka mara ngapi? Mkojo unakatika-katika? Ukimaliza, unasikia kama kungali kunabakia?" Kisha akanipima kwa kidole, akaagiza mkojo, damu na ekografi. Najua wazee wanaokwepa hospitali kwa sababu ya kidole hicho tu. Ni jambo la muda mfupi sana, wazee wenzangu.

2. Dawa mbili, mwendo tofauti

Nilipewa tamsulosini na finasteridi pamoja. Ya kwanza inalegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu yake huonekana baada ya siku chache. Ya pili inaipunguza tezi yenyewe kwa kuzuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayoikuza tezi. Hiyo haina haraka. Inahitaji miezi sita hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo faida yake ijulikane. Wengi huiacha mwezi wa pili wakidai wameuziwa chaki.

Tamsulosini nayo inaweza kushusha presha unaposimama ghafla. Choo chetu kiko nje, na usiku umeme ukikosekana hakuna taa ya kukuongoza. Sasa nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, nangoja kichwa kitulie, ndipo nashika tochi. Na aliye na miadi ya kupasuliwa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anaimeza au aliwahi kuimeza, maana hulegeza mboni na kuutatiza upasuaji.

3. Kijana wa nywele na meza ya chakula

Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Huko walikuwepo wavulana waliozaliwa wakidhaniwa wasichana, wakabalehe wakawa wanaume. Walikosa kile kimeng'enya. Ukubwani tezi zao zilibaki ndogo, na hawakuota upara. Kampuni ya Merck ikaifuata njia hiyo. Finasteridi ya miligramu 5 iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi, na ya miligramu 1 mwaka 1997 kwa nywele za wanaume.

Mpwa wangu alilijua hilo kabla yangu. Alifika kwa treni kutoka Lubumbashi pamoja na mkewe mjamzito, akaliona boksi langu kabatini. "Tonton, na hii njo ya nywele!" Paji lake lilikuwa limeanza kupanda. Nilipotoka kuoga nikamkuta ameketi mezani na wembe, anakata kidonge changu vipande vinne, unga mweupe umetapakaa kwenye kitambaa, na mkewe anakuja na sahani.

Nilimzuia yule binti asiiguse meza. Kidonge kizima kina utando wa kukikinga, lakini kikivunjwa, dawa inaweza kupenya kwenye ngozi ya mjamzito na kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Nilikikunja kitambaa mwenyewe, nikaifuta meza, nikanawa. Kisha nikamketisha mpwa wangu. Nywele zinazookolewa na dawa hii huanza kupotea tena ukiiacha, na ndani ya mwaka mmoja hivi unarudi ulikokuwa. Mwaka 2025 shirika la dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni miongoni mwa madhara yake, na taarifa nyingi zilitoka kwa watu wa kidonge cha nywele. Kijana akiitaka, na akaandikiwe na daktari, tena nyumbani kwake wajue.

4. Namba inayodanganya

Hili ndilo ninalowahimiza wenzangu kuliko yote. Kipimo cha damu kiitwacho PSA husaidia kushuku kansa ya tezi. Finasteridi ikishakaa mwilini miezi sita au mwaka, huipunguza namba hiyo takriban nusu, hata kama kuna kansa. Siku moja nilihudumiwa na daktari mgeni. Akasoma 2.4, akatabasamu. Nikamwambia ninachomeza. Akachukua kalamu, akaandika pembeni 4.8, akaniagiza nirudie kipimo. Matokeo yalikuwa yale yale, na tangu hapo tunafuatilia kama inapanda. Jina la dawa sasa limeandikwa kwenye jalada la kitabu changu cha hospitali, kwa herufi kubwa.

5. Mama wa nyumbani ajue

Finasteridi huwapunguzia wanaume wachache hamu ya tendo la ndoa au nguvu, au huwaletea maumivu ya matiti. Tamsulosini inaweza kupunguza au kukausha manii. Mke asiyeambiwa atatafuta sababu, na sababu ya kwanza atakayoipata ni mwanamke mwingine. Wangu nilimweleza siku ile ile nilipoanza.

6. Dukani

Soma jina la dawa yenyewe, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu maboksi hubadilika kila shehena. Ukiwa na mafua, mwambie muuzaji una tezi dume: klorofeniramini na psedoefedrini zinaweza kuufunga mkojo kabisa. Ukifungika hivyo, usisubiri kuche. Nenda ukawekewe sonda, ule mrija wa kuutoa mkojo.

Kuhusu magome yanayouzwa kama dawa ya tezi, sisemi yote ni uongo. Gome la Prunus africana, mti wa milima ya Kivu, huuzwa Ulaya kwa maradhi haya haya, na tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES. Linaweza kupunguza safari za usiku kidogo. Haijathibitishwa kwamba linaipunguza tezi, na unga usio na jina sokoni hauna vipimo.

7. Damu yako kwa wengine

Hospitalini kwetu mgonjwa akihitaji damu, ndugu ndio huitwa. Damu yenye finasteridi inaweza kumfikia mjamzito. Kwa hiyo husubiriwa mwezi mmoja baada ya kuacha, na miezi sita kwa dutasteridi, ndugu yake. Mpwa wangu ameandikiwa kidonge cha nywele huko Lubumbashi, na mkewe anajua. Alipoitwa kumtolea damu shemeji yake, alilisema hilo mlangoni, na kaka yake akaingia badala yake.