Termostati iliyojificha nyuma ya alternateri: namna ya kuibadilisha



Katika namba hii tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunaingia chini ya kapo ya pikap. Mutauliza, agronome anatafuta nini mule? Kahawa iliyochumwa leo lazima imenywe leo leo. Ikilala ndani ya gunia kando ya barabara juu gari limechemka, inaanza kuchacha, na kwenye kituo cha kuosha watainunua kwa bei ya chini ama wataikataa kabisa. Nyanya ni vile vile. Kwa hiyo moteri ya pikap ni chombo cha shamba, sawa na jembe.

Termostati ni kidude cha chuma kinachoenea ndani ya kiganja. Kina resori, na katikati yake kuna nta. Moteri ikiwa baridi, inabaki imefunga, na maji yanazunguka ndani ya moteri tu ili ipate joto upesi. Nta ikipata joto inayeyuka, inapanuka, inasukuma sahani, na maji yanapata njia ya kupita radiateri. Juu yake kumepigwa namba, mara nyingi 76, 82 au 88. Ni kiasi cha joto ambapo inaanza kufunguka.

Mekanisien wengi wa kwetu wanaitoa na kuitupa. Wanasema: huku ni Afrika, joto liko la kutosha. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, asubuhi za Lubero tunazijua. Moteri isiyopata joto lake inakula mazutu zaidi, inatoa moshi, na inachakaa mbio. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi: kwenye moteri nyingi za dizeli termostati ina sahani mbili. Wakati ya kwanza inafungua njia ya radiateri, ya pili inafunga njia ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi ndani ya moteri bila kupozwa. Kwenye tambarare ya Rwindi hutaona kitu. Pakia sasa magunia, anza kupanda Kabasha kuelekea Kanyabayonga: sindano inapanda pamoja na gari. Shofere anashangaa, kumbe dawa aliyopewa ndiyo ugonjwa. Na moteri ikichemka hivyo mara mbili tatu, kulase inapinda au inapasuka. Hapo si bei ya kidude tena, ni mapato ya msimu mzima.

Kabla ya kununua kitu, angalia mambo ya rahisi: maji yako kiasi gani, mkanda umelegea ao hapana, tope na majani vimeziba uso wa radiateri, mpira wa kifuniko cha radiateri umekatika. Kifuniko hicho ndicho kinashikilia presha, na presha ndiyo inazuia maji yasichemke mapema. Huku kwetu milimani ni jambo kubwa: Butembo, kwenye mita kama 1.700 na zaidi, maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 94, si 100. Usikifungue kamwe moteri ikiwa na moto.

Kama hayo yote ni mazuri, washa moteri na ungoje ipate joto. Gusa duriti ya juu na duriti ya chini kwa uangalifu, mbali na ventilateri. Ya juu inaunguza, ya chini ingali baridi hata sindano ikipanda: termostati imekwama imefunga, ao radiateri imeziba. Na kama sindano haipandi hata baada ya safari ndefu, imekwama wazi, ao fundi wa zamani aliitoa bila kukuambia.

Tuchukue mfano wa Hilux yenye moteri ya dizeli 1KZ-TE. Wengi wanaitafuta termostati juu, pale duriti ya juu inaingia. Haiko pale. Fuata duriti ya chini kutoka radiateri mpaka inapofika kwenye moteri: iko pale, nyuma na chini ya alternateri. Ndiyo maana fundi mwenye haraka hataki kuigusa.

Jioni ya mbele, tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bulo zote. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, toa kwanza waya wa batri wa upande wa kutoa. Usiruke hatua hiyo: waya mnene wa alternateri una umeme hata kama kontakti imezimwa, na kle ikigusa chuma hapo, cheche zinatoka na waya zinaungua.

Fungua robine ya chini ya radiateri na upokee maji ndani ya beseni safi. Kama mulitia likidi ya kupoza, funika beseni. Ile likidi ina utamu, mbuzi na mbwa wanaipenda, na inaua. Isimwagwe karibu na chemchem wala kwenye kijito.

Sasa alternateri. Piga picha kwa simu mbele ya kugusa chochote. Legeza bulo ya kukaza mkanda, toa mkanda, toa waya na kuzitia alama, kisha toa alternateri yenyewe na kuiweka mahali pakavu. Kuna wanaojaribu kupitisha mkono bila kuitoa. Wanaishia kuchubua vidole na kuharibu kichwa cha bulo, na kazi ya nusu siku inakuwa ya siku mbili.

Kifuniko cha termostati ni cha aliminiamu, na kinashikwa na bulo ndogo. Moja hutaiona kwa macho; itafute kwa kidole, ao tumia kioo kidogo cha kunyolea. Zungusha polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikataa, ongeza mafuta na ungoje. Ikikatika mule ndani, utatafuta fundi wa kutoboa.

Mbele ya kuitoa ya zamani, angalia inavyokaa: resori inaelekea moteri, na kile kitundu chenye kipini kidogo kinakaa juu, juu ndicho kinaachilia hewa itoke. Mpya ikae vile vile, na mpira wake wa duara uwe mpya pia. Safisha kiti chake kwa kitambaa, si kwa patasi.

Lakini usiifunge mpya bila kuipima, maana sokoni za bandia ni nyingi. Banisha uzi kwenye sahani yake, uining'inize ndani ya sufuria ya maji baridi bila kugusa chini, kisha pasha moto. Ikianza kufunguka, uzi unaachia na termostati inaanguka. Ya 82 lazima ianguke mbele maji hayajatokota. Itoe, iache ipoe, na uone kama imefunga tena vizuri. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Rudisha vyote, ukikaza bulo kidogo kidogo kwa zamu. Kujaza maji kunahitaji subira. Simamisha gari pua ikielekea juu ya mlima, tia mawe nyuma ya magurudumu, na mimina polepole likidi ya kupoza, ao maji ya mvua yaliyochujwa kama likidi hakuna. Maji ya ziwa Kivu yanaacha ukoko ndani ya radiateri, ya mto yanaleta mchanga. Washa moteri kifuniko kikiwa wazi, ongeza maji yakishuka, mpaka mapovu yaishe na duriti ya chini ipate joto. Hapo funga. Kesho yake, moteri ikiwa baridi, angalia kiasi cha maji tena mbele ya kupakia.

Ile ya zamani nayo ipime kwa sufuria na uzi. Ikifunguka na kufunga vizuri, basi ugonjwa uko pengine: radiateri, pompo ya maji, ao kulase yenyewe kama mapovu ndani ya radiateri hayaishi. Hapo usipakie mzigo wa kupanda mlima mpaka fundi aione.