Arifa Anazozipanga Mtumiaji: Maswali na Majibu ya Marudio

Mfano wetu ni programu ya wavuti ya SACCOS.

Swali la 1: Arifa ya ndani ya ukurasa na arifa ya kusukumwa zinatofautianaje?

Ya kwanza huonekana mwanachama akiwa amefungua ukurasa. Ya pili hupitia seva ya kampuni iliyotengeneza kivinjari, kisha hupokewa na hati ya JavaScript iliyosajiliwa kwenye kivinjari hicho, hata kama ukurasa umefungwa. Inahitaji HTTPS. Kwenye iPhone ilianza na iOS 16.4 mwaka 2023, kwa programu ya wavuti iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu.

Swali la 2: Kwa nini ni kosa kuomba ruhusa mara ukurasa unapofunguka?

Ruhusa ina hali tatu: `default`, `granted` na `denied`. Ikishakuwa `denied`, msimbo wako hauwezi kumuuliza mtumiaji tena. Ni yeye mwenyewe aende kwenye mipangilio ya kivinjari, na wengi hawaendi. Mgeni asiyejua utamletea nini atakataa, na ana haki. Subiri aombe mkopo, umwonyeshe kitufe cha "Nijulishe ukiidhinishwa", ndipo uombe.

Swali la 3: Chaguo za mwanachama zihifadhiwe vipi?

Safu moja kwa kila mchanganyiko wa mwanachama, aina ya tukio na njia (SMS, barua pepe, kivinjari), pamoja na hali: imewashwa au imezimwa. Ukiongeza safuwima kwa kila aina mpya ya tukio, jedwali litakuelemea. Tahadhari ya akaunti kufunguliwa kwenye kifaa kipya isizimwe kabisa. Hiyo ni ulinzi wa akiba yake.

Swali la 4: Ukituma arifa kwa kivinjari fulani na seva ya kusukuma ikajibu 410?

Usajili wa kivinjari hicho kupokea arifa umekwisha. Ufute.

Swali la 5: Mwanachama anataka utulivu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Andika sharti.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Kwanza geuza saa: saa 4 usiku ni 22:00, saa 12 asubuhi ni 06:00. Pili, kipindi kinavuka usiku wa manane, kwa hiyo sharti ni:

`saa >= 22:00 || saa < 06:00`

Ukiandika `&&`, hakuna saa inayotimiza yote mawili, na simu italia usiku kucha. Tatu, seva nyingi huendeshwa kwa UTC: Dar es Salaam ikiwa 22:00, huko ni 19:00. Hifadhi jina la ukanda wa mwanachama, mfano `Africa/Dar_es_Salaam`, ukokotoe kwa saa yake. Arifa za kawaida zisubiri kwenye foleni hadi 06:00. Tahadhari ya usalama ipite.

Kabla ya kuingia chumba cha mtihani, lijaribu sharti lako kwa 23:30, 02:00, 06:00 na 12:00. Mbili za kwanza zinyamaze, mbili za mwisho zilie.