Dondoo muhimu: Kukinga mbao za nje jijini Nairobi

Nairobi iko karibu na ikweta, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua kali huchakaza milango, mageti na pagola, nazo mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huviozesha.

- Dawa kwanza. Saiprasi na msonobari hutiwa dawa ya mchwa na kuvu kabla ya kupakwa chochote.
- Vanishi. Ya ndani hubanduka upesi juani. Ya nje, yenye kinga ya miale ya jua, hupakwa tabaka tatu, zikipigwa msasa laini katikati.
- Mafuta ya mbao yenye rangi. Hupenya bila kufanya utando, hivyo hayabanduki. Hufaa mvule, lakini hurudiwa mara kwa mara.
- Rangi ya mafuta. Huzuia jua kuliko vanishi. Huanza na praima.
- Ncha zilizokatwa. Hunywa maji zaidi, hivyo huongezewa tabaka.
- Wakati. Januari na Februari ni bora, mbao zikiwa kavu. Baridi ya Julai, hasa asubuhi, huchelewesha kukauka.